Filamu ya Kimya na Shangazi Asiyenyamaza

Jumatatu, 3 Juni

Nimetangaza rasmi, mezani, kwamba dukani nauza rangi kwa mikono tu. Moyo wangu uko kwenye filamu. Mke wangu akaniomba nimsogezee chumvi. Sawa. Nabii hakubaliki kwao.

Filamu yenyewe: mjane ameketi dirishani. Hasemi neno. Mbele yake kiti, na kitini koti la marehemu mumewe. Basi! Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye mwenye kamera. Kazi yake kupiga video za harusi. Akauliza kinatokea nini. Nikamweleza hakitokei kitu, na hiyo ndiyo sanaa. Akafikiri sana. Akauliza kama aweke vikopa pembeni.

Vikopa!

Jioni, pigo. Mwigizaji wangu amepata tangazo la sabuni, haji tena. Kaacha sanaa, kafuata povu. Na ukumbi tumeshaahidiwa Jumamosi, na mtaa mzima nimeshaualika. Nikishindwa, sipiti tena mbele ya kinyozi.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata! Shangazi, dada wa marehemu baba. Mjane wa kweli, mwenye mikunjo ya uso isiyopatikana kwa kupakwa. (Habari ya mikunjo sikumwambia. Mimi si mjinga.) Ana kasoro moja tu. Alikuwa opereta wa simu, na tangu astaafu, maneno yote yaliyokuwa yakipita kwenye waya yanapitia kwake. Alikubali kabla sijamaliza kuomba. Koti la mumewe atakuja nalo mwenyewe.

Nimepaka sebule rangi ya kijivu, kuta nazo zihuzunike. Mke wangu, muuguzi, katoka zamu, kasimama mlangoni, kauliza nani kafa. Nikasema bado.

Jumatano, 5 Juni

Nilisema anza. Shangazi akasema ameanza. Nikasema tena. Akauliza kama sasa ndiyo ameanza au bado. Hatimaye akatazama nje kwa majonzi makubwa, akamwona fundi viatu anapita, akamwita amuulize hali ya goti.

Nikampa peremende ngumu kuliko zote sokoni, mdomo upate kazi. Akaihamishia shavuni, akaendelea. Shemeji alicheka mpaka kamera ikatikisika. Mtu hana huruma yule.

Alhamisi, 6 Juni

Hila mpya. Asubuhi nilimpigia Shangazi simu nikamwambia mke wangu kalitilia shaka koo lake; asiseme neno mpaka kesho. Akili ni mali!

Kumbe kabla ya kunyamaza aliona ni haki awaage watu. Akapiga simu kwa ukoo wote. Mchana nyumba yangu imejaa ndugu. Wakaona kuta za kijivu. Wakaona koti peke yake kitini. Wakaangua kilio. Shangazi katikati yao, kimya kabisa, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na Shemeji hakuja na kamera!

Mke wangu aliporudi akapokewa kwa pole. Akauliza daktari gani kasema nini. Macho yote yakanigeukia. Maneno niliyoambiwa jikoni hayaandikiki.

Nilimwomba Shangazi radhi. Alicheka akashika mbavu. Kasema kafurahi kuwajua watakaomlilia na watakaokuja kula tu. Kesho atarudi. Sistahili shangazi kama huyu, ila nimemkumbusha aje mapema.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya mwisho ya kupiga. Shangazi alikuwa amejikaza kweli, nusu saa nzima midomo imebanwa, mara seremala wa jirani akawasha msumeno. Nikatoka kumbembeleza. Akanielewesha kwamba vitanda navyo ni sanaa. Tukabishana.

Narudi, nasikia sauti. Nikasimama mlangoni. Shangazi alidhani kamera imezimwa. Alikuwa ameinuka, analinyoosha kola lile koti.

"Umeniacha na watu hawa," aliliambia. "Huyu mtoto wa kaka yangu anataka ninyamaze. Ulinyamaza wewe, nikaona shida yake. Nikinyamaza na mimi, bwana, nyumba inabaki na saa ya ukutani tu."

Akalipangusa bega.

"Umekonda."

Harufu ya rangi iliniingia machoni. Ilikauka juzi, lakini iliniingia.

Shemeji akaninong'oneza kwamba kamera hakuizima. Nikamkaripia kwa kumaliza betri. Kisha nikamwomba anionyeshe. Kisha tena. Shangazi naye tukamwonyesha, tukamwuliza kama tunaweza kuitumia. Akasema tuitumie, ila tungemwambia mapema achane nywele.

Jumamosi, 8 Juni

Ukumbi ulijaa. Nusu saa ya dirisha. Kinyozi akalala. Mtu akauliza kwa sauti kama mashine imekwama. Mimi nimeshika kiti, jasho linanitiririka.

Ndipo Shangazi akainuka kwenda kwenye koti. Aliposema "umekonda", mwanamke mmoja nyuma akalia, kisha wengi. Mke wangu, ambaye tangu Alhamisi aliniongelesha kwa kichwa tu, akanishika mkono. Hakuuachia mpaka taa zilipowaka.

Shangazi alikaa mstari wa mbele, akiwafafanulia majirani zake kila kitu.

Nje watu walimkumbatia yeye. Wakampongeza Shemeji! Kwa kusahau kuzima kamera! Mimi kinyozi aliniambia amepumzika vizuri.

Jumapili, 9 Juni

Nimetafakari kwa utulivu. Siri ya ushindi naijua: ni ile nusu saa ya dirisha. Iliwalainisha watu. Ile habari ya koti iliharibu mtiririko kidogo, lakini sitawavunja moyo ndugu zangu.

Filamu ijayo itakuwa ndefu zaidi. Mwanamke amelala, basi. Saa nzima. Mhusika nimempata: mama mkwe anakuja kesho kupumzika kwetu, na kwa usingizi hana mpinzani. Bado sijamwambia, asije akaanza kuigiza.

Mke wangu yuko zamu mpaka jioni. Mlango wa chumba cha wageni nimeshaung'oa, ili kamera ipite.