Sikio Kwenye Jalada

Jumatatu, 3 Machi
Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, ameandika riwaya! Inaitwa Endelea, Nasikia, na shirika letu ndilo linaloichapa. Jalada ni langu, mimi si ndiye msanifu? Ila Bosi kamwambia na Kivuli ajaribu, yule mwenzangu anayeweka kivuli nyuma ya kila herufi. Mdogo wangu atachagua. Anataka jalada lililobeba undani wa kitabu, si urembo tu. Kivuli ameshaanza kusoma mswada. Masikini! Mimi huwa sisomi, na majalada yanatoka. Nimempa mke wangu asome, atanisimulia.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu amesoma jikoni mpaka sufuria ikaungua. Mara acheke, mara afute machozi, mara anitazame. Nikauliza kinahusu nini. Akasema nisome mwenyewe. Ukali wa nini? Basi nimetumia akili. Mtu husikia kwa kiungo gani? Nimechora sikio. Kubwa, limejaa jalada zima.

Jumatano, 5 Machi
Mdogo wangu ameuliza kama ni konokono. Kivuli kacheka mpaka kamwaga chai.
Sikukata tamaa. Mchana nikakaa naye, nikamsifia vivuli vyake. Akalegea, akaanza kunieleza kitabu kwa kirefu, habari za viti viwili. Mengine yalinipita, maana niligundua kalamu iliyo mfukoni mwake ni yangu iliyopotea. Lakini viti nimevipata.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechora viti vya kila aina. Vya kukunja, vya ofisini, kimoja cha kinyozi. Mdogo wangu ameuliza kama siku hizi tunauza samani.
Kivuli kachora viwili tu, kimoja kimempa mwenzake mgongo. Jalada zuri mno, namchukia. Mdogo wangu alilitazama, akalitazama tena. Roho imeniuma. Mtoto yule nilimbeba mgongoni mwenyewe, leo kitabu chake cha kwanza avalishwe na mtu wa vivuli?

Ijumaa, 7 Machi
Kabla ya kuamua, mdogo wangu kaja mezani kwangu, kavuta kiti. Akasema, Kaka, ngoja nikueleze mwenyewe. Nikamwambia endelea, nasikia. Penseli ilikuwa mkononi, nikawa najichorea tu. Redio ya zamani ya baba, imefunguliwa, nyaya nje. Mimi mdogo, kichwa ndani yake, bisibisi mkononi. Juu, ukingoni mwa meza, miguu ya mtoto inaning'inia. Ndala moja kamba yake imefungwa kwa waya. Alikuwa anakaa pale kila siku akipiga domo. Aliyosema sikumbuki hata moja. Ndala naikumbuka, ule waya niliufunga mimi.
Ghafla kimya. Nikainua kichwa niulize mbona kaacha. Analia! Karatasi kaishika yeye. Akasema, kumbe ulikuwa unaniona. Nikamjibu, ningeachaje kukuona na ulikuwa umenizibia mwanga? Akanikumbatia mbele ya ofisi nzima, akasema jalada ni hili. Hata mimi macho yalilowa.
Kivuli naye akipangusa yake akaomba aweke kivuli kidogo chini ya ndala. Nimemruhusu. Kidogo.

Jumamosi, 7 Juni
Kitabu kimetoka! Kwa heshima ya mdogo wangu nimevunja mwiko, nimekisoma chote. Nimelia. Dada mtu anamsimulia kaka yake furaha zake, hofu zake, maisha yake yote, na yule kaka, kichwa ndani ya redio, hana jibu ila endelea, nasikia. Kuna watu wana roho ngumu! Nikamwambia mke wangu kaka kama yule anastahili makofi. Akanitazama tu, vilevile kama siku ya sufuria. Sijui ana nini.
Na hebu fikiria, redio imo! Niliichora bila kusoma hata ukurasa. Kipaji ni kipaji.
Jioni mdogo wangu kapiga simu, ana kitabu cha pili, akaanza kunisimulia. Nikaibana simu begani, nikamwambia endelea, nasikia, huku natengeneza pasi. Kinahusu nini, sikushika vizuri. Lakini jalada nimeshalipata.
Pasi. Kubwa, ijae jalada zima.