Kamati ya Mapokezi ya Paka na Mbwa

Umma unataarifiwa kwamba Idara yetu ilifanikiwa, kwa asilimia mia moja, kudhibiti madhara ya paka na mbwa wanaoanguka kutoka mawinguni. Hakuna hata raia mmoja aliyeangukiwa. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati husika, kwa hiyo yote ninayo kwenye muhtasari.

Jumatatu asubuhi ilifika barua ya Kiingereza kutoka makao makuu, ng'ambo. Mama mmoja mkaguzi alitueleza kwamba angechelewa kutufikia, kwani huko aliko ilikuwa inanyesha mvua ya paka na mbwa. Mkurugenzi wetu, ambaye kisogoni tunamwita Mzee Kamusi kwa sababu haendi hata msalani bila kamusi yake, alitafuta neno moja moja. Paka alikuwemo. Mbwa alikuwemo. Akakifunga kitabu, akatutangazia kwamba mvua hiyo, kwa mujibu wa upepo, ingetufikia Jumatano.

Kamati iliundwa kabla chai haijapoa. Tuliagiza vizimba ishirini, nyavu za kutandaza juu ya maegesho, na daktari wa mifugo wa kushinda getini.

Aliyetia mchanga kitumbua chetu ni mtunza mafaili, mama mtu mzima tunayemwita Bi Mafaili. Kwa miaka kumi na tisa amekaa chumba cha mwisho kwenye korido, akisoma kila barua kabla ya kuihifadhi. Alisimama kikaoni, akasema taratibu kwamba ule ni msemo tu, maana yake mvua kubwa, na kwamba ukiisoma barua yote utaona mama wa watu analalamikia barabara zilizofurika.

Mkurugenzi akamtaka aonyeshe neno "kubwa" liko mstari wa ngapi.

"Halipo, Mzee," akajibu. "Lakini mwaka jana kijana wako alipopata jiko, mbona hatukumletea mkaa?"

Nilicheka. Kwenye muhtasari niliandika kwamba nilikohoa.

Papo hapo Bi Mafaili akaandikiwa barua ya utovu wa nidhamu. Ijumaa alitakiwa kujieleza kwa nini asifukuzwe kazi. Ana binti chuoni, mwaka wa pili, na binti huyo hana mwingine wa kumshika mkono. Alipokuwa anatoka aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na wewe unaamini wataanguka?"

Nikamjibu kwamba msimamo wangu ni msimamo wa Idara. Akatikisa kichwa, kama anayempa pole mfiwa.

Jumatano jua liliwaka. Mkurugenzi akatangaza ushindi: wanyama walikuwa wameziona nyavu, wakaghairi.

Mkaguzi aliwasili Alhamisi. Akapita katikati ya vizimba ishirini, akauliza ni vya nini, naye Mkurugenzi akamweleza bila kuficha kitu. Mgeni akamuuliza kwa Kiingereza kama alikuwa anamvuta mguu, yaani kama alikuwa anamtania. Mzee Kamusi akarudi nyuma hatua tatu. Akaniagiza niandike kwamba mguu wa mgeni haukuguswa na mtumishi yeyote. Baada ya hapo mgeni aliomba kuona mafaili, akashinda chumba cha mwisho hadi jioni.

Ijumaa tuliketi kumhukumu Bi Mafaili. Kabla hatujaanza, ikaletwa barua ya mkaguzi. Mkurugenzi akaifungua mbele yetu, akatusomea huku akitafsiri: yeye Mkurugenzi, baada ya utumishi mrefu, anapelekwa malishoni, na Bi Mafaili atavaa viatu vyake.

Uso ukamng'aa. Akamuuliza daktari wa mifugo, ambaye bado alikuwa mjumbe wa kamati, shamba la heshima linahitaji ng'ombe wangapi. Kuhusu viatu, alisema yeye ni mtu wa utaratibu. Akainama, akafungua kamba, akaviweka mezani juu ya faili la mashtaka. Soksi ya kushoto ilikuwa imetoboka kidoleni.

Bi Mafaili ndiye aliyesema, na hakuwa na furaha.

"Mzee, farasi akizeeka habebeshwi tena mzigo. Anafunguliwa, anaachiwa ale majani."

"Farasi gani?" akauliza Mkurugenzi, mkono ukiwa tayari kwenye kamusi.

"Iache hiyo. Soma sentensi inayofuata."

Akaisoma. Ilisema funguo za ofisi zikabidhiwe kabla ya saa sita kwa mkurugenzi mpya, Bi Mafaili. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilimwona akisoma mpaka kwenye nukta. Kisha akakaa.

Bi Mafaili akavisukuma vile viatu upande wake. "Vaa, Mzee. Havinienei, na nje kuna kokoto."

Halafu akanigeukia. "Katibu, andika."

Nikamuuliza niandike nini.

"Ulichokiona."

Nina miaka minane katika kazi hii, na agizo kama hilo sikuwahi kupewa. Nilimwomba anipe mfano.