Mashine Isiyopenda Marudio

Jumanne, 1 Agosti 1995
Mwezi wa tatu tangu nipunguzwe ukarani. Kiinua mgongo kimegeuka kompyuta. Imetumika kidogo, inanguruma kama mashine ya kusaga. Imekaa mezani sebuleni. Cherehani ya Benedicta iko jikoni, jirani na gunia la mkaa. Mke wangu kasema kwa upole (upole ule!) kwamba nisipopata mteja wa maana hadi katikati ya mwezi, cherehani inarudi mezani na mie narudi kutafuta kazi kama wanaume wengine. Nikamjibu kwamba kampuni kubwa huanza na mtu mmoja. Akauliza huyo mtu ni nani.

Alhamisi, 3 Agosti
Mteja! Bi Mwamvita, nyumba ya pili, anamwoza binti yake Naima. Kaleta daftari zima la waalikwa. Kazi hii alishamwahidi Gaudens, mwenye taipureta pale sokoni. Nikamwambia taipureta haifikiri. Programu yangu inafikiri: jina likijirudia, inalifuta. Jioni Gaudens kapita dirishani, kauliza kama hiyo televisheni yangu imeanza kuonyesha mpira. Wivu!

Jumamosi, 5 Agosti
Umeme umekatika mara mbili, kwa hiyo nimeandika majina yote mara tatu. Sijali. Majina mia mbili kumi na mawili yamebaki mia moja arobaini na moja! Daftari lilikuwa na Mama Hija saba. Saba! Mama Talha tisa. Uzee wa Bi Mwamvita huo. Kadi zimegawanywa. Bi Mwamvita kaniita Baba Fredrick mtaalamu. Nilihakikisha Benedicta anasikia. Benedicta kauliza kadi yake iko wapi. Iko njiani, nikasema.

Jumapili, 13 Agosti
Harusi. Nimejifungia chooni saa nzima.
Kumbe Mama Hija ni watu saba! Kadi ilimfikia yule wa vitumbua, kaja na wajukuu wote. Mwingine ndiye mwenye masufuria ya pilau. Huyo hakualikwa, kanuna, na masufuria yakanuna naye. Wageni wamekula mkate na chai ya rangi. Bi Mwamvita kaja mlangoni kwetu, kauliza tangu lini aliyezaa Hija akawa mmoja dunia nzima.
Kadi ya Mama Fredrick ilikwenda kwa Mama Fredrick wa Kigamboni. Wangu kabaki nyumbani na gauni jipya, alilolishona jirani na mkaa. Kaibeba cherehani mwenyewe.

Jumatatu, 14 Agosti
Kompyuta iko uvunguni. Benedicta kanikabidhi barua ya kuombea kazi, nitie saini tu. Kaipiga chapa Gaudens!
Nimejilaza, nimetafakari. Kosa ni la wazazi wa huku kwetu Tabata: watoto wengi, majina machache. Ila fursa nimeiona. Bi Mwamvita sasa ana watu sabini na mmoja wa kuwaomba radhi. Nani atamwandalia orodha?
Waya wa umeme unafika uvunguni. Nimeshamaliza.
Mashine imeipunguza hadi kumi na tisa.