Mzimu wa Mtu Ambaye Hakufa

Wananchi wa Likasi wanaarifiwa kwa furaha kwamba hofu sasa ina ofisi. Inaitwa Tume ya Kusimamia Hofu na Huzuni katika Filamu, na mimi, Théophile, ndimi niliyekuwa katibu wake wa kwanza. Kabla ya tume hii watu wa mji huu walikuwa wakiogopa ovyo, kila mtu kwa namna yake, bila kibali wala mpangilio. Hali hiyo imekwisha.

Mwenyekiti wetu aliitwa Albert Kalombo, mtu wa suti nzito hata jua likiwaka, mwenye sauti ya redio. Filamu ya kwanza kuletwa mbele yetu ilikuwa ya Orpha, binti wa mtaa wa Kikula anayejulikana kwa kupiga video za harusi. Safari hii alikuwa ametengeneza hadithi ya mama ambaye mwanawe amefukiwa na udongo katika shimo la shaba. Kila jioni mama huyo anasikia viatu vizito vya mwanawe vikikung'utwa vumbi mlangoni. Akifungua, hakuna mtu. Anapakua bukari, ugali wetu, anaiacha mezani, na asubuhi sahani iko tupu. Mtazamaji hajui kama mtoto amerudi kweli au akili ya mama ndiyo imeondoka. Mimi kama mtumishi wa umma sikuogopa. Nilimshika mwenyekiti mkono muda mrefu kwa sababu nilitaka kuona saa yake.

Kasoro ilikuwa moja. Aliyecheza mama hakuwa mwigizaji. Alikuwa Mama Germaine, muuza sombe, yaani majani ya muhogo, wa soko la Kikula, na filamu ilipigwa nyumbani kwake. Mwanawe Ruffin alikuwa ameingia shimoni upande wa Kakanda pamoja na vijana wenzake, mwaka uliotangulia, na kilima kikawaangukia. Hapa inafaa kukumbusha msimamo rasmi. Kalombo mwenyewe, ambaye wakati ule alikuwa msemaji wa ofisi ya juu inayotusimamia, alitangaza redioni kwamba kilima kimebadili mkao, na kwamba hakuna aliyekufa. Kwa hiyo hakuna aliyechimbuliwa, hakuna jeneza lililonunuliwa, na kilio hakikuruhusiwa. Familia ziliambiwa zirudi nyumbani kusubiri.

Basi uamuzi wa tume ulikuwa rahisi. Mzimu hutokana na maiti. Maiti haikuwepo. Mzimu wa Orpha ulikuwa wa kughushi.

Tulimwita ofisini. Kalombo alimweleza kwa upole kwamba filamu ingepata kibali endapo mwishoni kijana angeingia mlangoni akiwa hai, anacheka, na ikiwezekana anawashukuru viongozi. Orpha aliuliza ni nani angecheza sehemu hiyo. Kalombo akasema Ruffin mwenyewe, kwani yuko hai.

Alisahau kwamba Mama Germaine, aliyekuja na Orpha, alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango. Mama akasimama polepole.

"Papa Prezida, mutoto yangu iko muzima?"

"Huo ndio msimamo wa ofisi, mama."

"Basi miye nitakuya kumuona."

Kesho yake alikuja. Alileta bukari, sombe na samaki aina ya tomson, vimefunikwa vizuri, akauliza kwa heshima mwanawe amewekwa chumba gani. Hakupiga kelele. Kalombo alinituma nikamweleze kwamba Ruffin yuko hai kwa maana ya jumla. Mama akajibu kwamba hana haraka, akaketi. Siku zilizofuata walikuja mama wengine, na baba pia, kila mmoja na sahani yake na jina la mtoto wake, mpaka korido yetu ikanuka kama mgahawa. Tuliita polisi. Polisi alikuna kichwa, akasema haoni sheria inayokataza kumpelekea chakula mtu aliye hai, kisha akauliza kama kuna sahani isiyo na mwenyewe. Chakula kilichobaki jioni nilikisimamia mimi binafsi, kisiharibike.

Hapo ndipo Kalombo alipoanza kusikia.

Kwanza aliniuliza ni nani anayekung'uta viatu mlangoni. Mimi sikusikia kitu. Akafungua: wazazi tu, wameketi na sahani zao, wanamtazama. Akatoa amri watu wote wavue viatu wakifika koridoni. Wakavua. Akaendelea kusikia. Akahamishia meza yake chumbani kwangu, na bado kila mara aliinua kichwa na kutazama mlango. Aliniambia hata nyumbani mke wake anauliza kwa nini anafungua mlango kila saa kama anayesubiri mgeni. Alikonda. Ile suti ikawa inamvaa yeye.

Tulimwita mchungaji afanye maombi. Mchungaji alikuja na nguvu zake zote, akakunja mikono ya shati, akaomba atajiwe jina la marehemu. Kalombo akasema hakuna marehemu. Mchungaji akauliza tena, kwa sauti ya chini. Kalombo akarudia msimamo. Mchungaji akashusha mikono ya shati, akasema hawezi kufukuza kitu ambacho hakipo, akaaga.

Mwishowe Kalombo alitoa kibali, nadhani kwa uchovu. Filamu ionyeshwe Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi mmoja wa Kikula, kwa sharti lile lile la mwisho wenye furaha. Watu walijaa hadi madirishani. Mwenyekiti alikaa mstari wa mbele, amejiandaa kuhutubia juu ya uvumilivu.

Ilipofika mwisho, kwenye kitambaa cheupe ulionekana mlango wa nyumba ya Mama Germaine, wazi. Hakuna aliyeingia. Picha ikabaki hivyo hivyo. Orpha akaeleza ukumbi, bila kupandisha sauti, kwamba ametii agizo: amemwachia Ruffin nafasi, na mheshimiwa ameahidi kumleta.

Tukasubiri. Taratibu vichwa vyote vikamgeukia Kalombo. Alisimama. Alifungua mdomo kuhutubia, na sauti ya redio haikutoka.

"Hatakuya," alisema. "Alikufa. Bote balikufa. Nilijua tangu siku ile ile."

Mama Germaine alivua kitambaa cha kichwa, akakifunga kiunoni, akakaa chini sakafuni. Kisha akalia. Kilikuwa kilio kilichokaa ndani zaidi ya mwaka, na mama wenzake wakakipokea, na baba wakajifunika nyuso, na ukumbi mzima ukawa matanga. Mimi pia nililia, kwa kiwango kinachoruhusiwa. Mtu mmoja alimwambia Kalombo atoke nje. Mama Germaine akakataa. Alisema anayeleta habari ya kifo hakimbii, anakaa na wafiwa. Basi mheshimiwa akakaa chini na suti yake, katikati ya wale mama, na alilia kuliko mimi.

Ofisi ya juu ilichukua hatua haraka. Asubuhi yake redio ilitangaza kwamba hakujawahi kuwa na mwenyekiti aitwaye Albert Kalombo, hivyo hakuna alichokisema. Uenyekiti nikapewa mimi, pamoja na agizo la kutomwona mtu huyo popote. Si kazi nyepesi, maana ni mpana wa mabega na anasalimia. Nilipokutana naye sokoni nilijifunza kutazama vitunguu.

Lakini jana aliingia ofisini bila kubisha, mtulivu, amepata usingizi. Alisema familia zinakwenda Kakanda kudai shimo lichimbuliwe, watoto wazikwe. Yeye anakwenda nao kutoa ushahidi, ila wanahitaji mtu wa pili wa ofisi, aliyemsikia akikiri ukumbini siku ile. Mimi nilikuwa pale.

Nilikohoa. Nikamweleza kwa lugha nzuri kwamba, kulingana na msimamo wa sasa, yeye hayupo, na kwamba mimi siwezi kuzungumza na mtu ambaye hayupo.

Alivuta kiti, akaketi.

"Sasa, Théophile, weye unasema na nani?"

Nilifungua faili kutafuta jibu la kiofisi. Orpha, aliyekuwa amesimama mlangoni na kamera yake begani, inarekodi, aliniomba nijibu polepole, na nitazame kamera.