Kabati Lililobaki Mshangano

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Mkoa wa Ruvuma hauna habari kwamba wiki hii unampoteza mtu wake. Nahama! Wakubwa watatu wamewahi kuniomba ushauri, siwataji. Sasa wanilie.

Mimi, Kajetani Haule, naitwa kazini Makete, kwenye shamba la mbegu za viazi. Kuripoti Jumatatu ijayo, tarehe 14, saa mbili asubuhi, na barua mkononi. Asiyefika na barua, nafasi anapewa mwingine. Imeandikwa hivyo na kupigwa muhuri.

Mtaani nimesema nakwenda kuwa meneja wa ghala. Barua inasema "mlinzi msaidizi wa ghala". Tofauti ni ndogo. Meneja hurudi kwake, mlinzi ndiye anayekaa na ghala. Sasa mwenye ghala nani? Lakini watu hawaelewi mambo ya ofisi. Barua nimeifungia kwenye droo ya kabati la nguo. Ufunguo nimeutia kamba, uko shingoni. Mke wangu Theodosia ameuliza nimevaa nini. Nimemwambia rozari.

Yeye ameshaachia kibaraza chake cha kushonea pale sokoni. Ameniambia, Baba Devota, na hii ikiharibika mimi nahamia kwa kaka yangu Isidori, na cherehani yangu naondoka nayo. Alisema hivyo huku akikata uzi kwa meno. Sikuupenda ule mlio. Anakumbuka mradi wangu wa sungura. Ya sungura siyaandiki.

Jumanne, 8 Julai.

Lori limepatikana! Mathias, dereva wa Fuso, Jumamosi anapakia mahindi Maposeni kupeleka Makambako. Atatupitia Mshangano na kutushusha Njombe. Pale tutatafuta gari la kupanda Makete. Masharti yake: vitu vikae juu ya magunia, visizidi vya chumba kimoja, na kabati lifunguliwe vipande.

Nikamwambia asinifundishe malori. Mwaka tisini na nane nilishusha lori mlima wa Lukumburu bila breki, kwa kuimba tu. Akauliza kuimba kunazuiaje lori. Nikamwambia malori ya zamani yalikuwa na heshima.

Jumatano, 9 Julai.

Isidori amekuja na bisibisi. Huyu ndiye mlamu wangu, kaka yake Theodosia, fundi seremala. Kabati alilitengeneza yeye, zawadi ya harusi yetu, na mpaka leo akipita hulipapasa kama mwanawe. Kasema dakika kumi tu: milango huku, mbavu huku, droo huku.

Droo!

Nikasimama mbele ya kabati. Nikamweleza kwamba mbao za mninga zikifunguliwa wakati wa baridi hunywea, haziungani tena. Akaniangalia. Akasema, mlamu, hii ni paina, niliipasua mwenyewe. Theodosia akacheka mpaka akakaa chini. Lakini bisibisi lilirudi mfukoni. Nimeshinda.

Baridi imeanza kuuma, watu wote wamejifunga mablanketi. Theodosia anasema Makete wakati huu maji yanaganda ndooni. Maji ya wengine! Mimi nililala Kitulo, huko huko Makete, siku nne na singlendi. Wenyeji walikuwa wanakuja kuota moto kwangu.

Alhamisi, 10 Julai.

Jumuiya yetu ya kanisa imesali kwetu, kutuaga. Mama Kunegunda, mwenyekiti, akatuombea vizuri, kisha akaharibu: akauliza tunapanda basi lipi.

Basi! Mbele ya watu kumi na tisa!

Nikasimama. Nikasema nimekodi lori zima. Nikasema mwenye mzigo wa njia ile aulete. Neno hilo la mwisho sijui lilitokea wapi. Lilikuwa limeshatoka. Halafu Mzee Sixbert akakohoa. Kwa kuwa watu walikuwa bado wananitazama, nikavua koti langu zito nikamvisha. Makofi! Theodosia hakupiga.

Ijumaa, 11 Julai.

Huku kwetu mwenye lori hakatai mzigo wa jirani, hasa Julai, mahindi yamejaa kila nyumba na watoto wako mbali. Saa kumi na mbili asubuhi wamenigongea. Mama Kunegunda: magunia mawili ya mahindi na debe la maharage, ya binti yake Njombe. Mzee Sixbert: kinu na michi miwili, ya mkwewe. Alikuja amevaa koti langu. Linamkaa vizuri kuliko mimi. Tenga la kuku. Mama mmoja wa mtaa wa pili, hata jina lake silijui, kaleta mlango. Mlango mzima, na bawaba zake! Kasema atakuja mtu kuupokea.

Isidori kasimama uani anahesabu. Akauliza, mlamu, lori ni zima kweli? Nikasema zima. Akasema basi kabati litaingia lilivyo. Nikasema litaingia lilivyo. Akaondoka anapiga mluzi.

Mpango ni huu: nitamwambia Mathias hivi vyote ni vya chumba kimoja. Chumba kikubwa.

Jumamosi, 12 Julai.

Naandika nikiwa Njombe.

Saa nne Fuso likaja. Jumuiya ilikuwa imejaa uani kuliona lori zima. Wakaliona. Mahindi yamefika ubao wa juu kabisa! Nikasema haraka kwamba hayo mahindi ni ya kampuni yangu. Mathias akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Akaniambia kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, kwamba nafasi ni ile pale juu, turubai lazima lifunge, na yeye haongezi nusu saa. Nichague.

Nifanyeje? Nimshushie Mama Kunegunda mahindi yake mbele ya uso wake, niseme nilidanganya? Mtu wa cheo hafanyi hivyo. Nikaamuru vya kwangu vibaki. Kitanda, kibaki! Meza, ibaki! Godoro! Kabati! Theodosia alikuwa ameshapanda mbele kwa dereva na kupakata cherehani yake. Hakuna aliyethubutu kumwambia ashushe.

Isidori akatazama kabati lake limesimama uani peke yake. Akanibembeleza, kusema kweli. Dakika kumi tu, mlamu, nilifungue liingie ubavuni. Nikamwambia abaki nalo, liwe ukumbusho wangu. Makofi tena! Tukaondoka.

Mimi nilikaa juu, kati ya mlango na kuku. Upepo wa Lukumburu ni wembe. Nikashika ufunguo shingoni nijipe moyo. Nikasema moyoni, Kajetani, wewe ni mtu makini, barua yako iko salama. Gari likakata kona mbili ndipo nikakumbuka ule ufunguo ni wa nini.

Nikapiga ukelele. Mathias alidhani naimba.

Jumapili, 13 Julai.

Nimegawa mizigo ya watu. Binti wa Mama Kunegunda ameuliza mbona meneja anatetemeka. Nikamwambia ni mori wa kazi. Mwenye mlango hakutokea. Tukapanda nao Makete kwenye lori la mbolea.

Kumpigia Isidori siwezi. Akivuta ile droo, atasoma. Akisoma, Songea yote itajua kabla ya misa ya pili. Mpango mwingine: kuandika barua upya. Maneno nayakumbuka, tatizo ni muhuri. Huku viazi havina kazi, nikaokota kimoja nikachonga. Nikakipaka wino wa kalamu, nikagonga. Umetoka kama kuku.

Theodosia akaona. Akaniuliza kama kuna jambo nataka kumwambia. Nikasema hakuna. Akaenda kutafuta maji.

Nyumba ya kazini ina chumba kimoja na sakafu ya saruji. Kitanda chetu ni ule mlango.

Jumatatu, 14 Julai.

Saa moja na nusu niko ofisini. Nje amesimama jamaa mmoja, kavaa gambuti na jaketi nene. Amekuja kusubiri nisifike. Alinisalimia kwa upole sana.

Karani ni mama mmoja aitwaye Zulfa, mtu wa Tunduru. Akaomba barua. Nikampa ile ya kiazi. Akaigeuza, akaigeuza tena, akaniuliza huyu kuku ni wa nini. Kisha akasema kwa wema kwamba hata picha ya barua ya kweli ingemtosha kwa leo. Lakini saa mbili ni saa mbili. Akatazama saa ya ukutani. Saa mbili kasoro dakika kumi na mbili. Mlangoni Theodosia, na cherehani yake. Hakuitua chini.

Simu yangu ni ya kitochi, haipokei picha. Nikamtajia Zulfa namba ya Isidori. Akapiga, akaweka sauti ya nje.

Nikasema, Isidori, vunja droo. Akasema avunje kwa nini, nyuma pana skrubu mbili tu, ubao wote unatoka. Skrubu mbili! Miaka ishirini na sita nafunga kile kitu kwa ufunguo! Tukasikia bisibisi. Tukasikia karatasi. Kisha tukasikia pumzi, pumzi ya mtu anayesoma. Akaanza kusoma kwa sauti. Mlinzi. Msaidizi. Wa ghala. Kila neno kama anapigilia msumari. Nyuma yake sauti ya Mama Kunegunda ikauliza, nani huyo mlinzi?

Isidori akarudi kwenye simu. Akasema, mlamu, hongera kwa kazi, picha inakuja.

Ilifika saa mbili kasoro dakika moja. Zulfa akagonga muhuri, wa kweli. Mwenye gambuti akanipa mkono, akaondoka.

Nje nikamwambia Theodosia kwamba ofisi wamekosea cheo, watarekebisha. Akatua cherehani chini, mara ya kwanza tangu Songea. Akasema barua aliisoma siku ilipofika, ilikuwa wazi mezani, mimi niko uani natafuta kamba ya ufunguo. Alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Akafungua fuko lake akanitupia kitu cha kuvaa.

Jumanne, 15 Julai.

Siku ya kwanza kazini. Mkubwa wangu, mlinzi Saimon, ameuliza nilikotoka nilifanya kazi gani. Nikamwambia usafirishaji. Lori zima, wateja kumi na tisa, Lukumburu bila breki. Amefurahi mno! Ijumaa anahamisha familia yake kutoka Ludewa, akaniomba nimtafutie lori. Nikamwambia aniachie mimi, na majirani zake wenye mizigo pia waje. Nimeshampigia Mathias mara nne. Hapokei. Atakuwa kilimani.

Hili sweta la rangi ya waridi, lenye vifungo vya maua, nimemwambia Saimon ni sare ya wasafirishaji wa Songea. Si sare. Ni la Theodosia. Linanibana kwapani, lakini silivui.