Mtunukiwa Hafanyi Kazi

Ofisi ya Wilaya ya Hwamok iliutangazia umma kwamba, kuanzia Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu, shukrani zitaanza kutolewa rasmi. Hadi hapo watu wa Hwamok walikuwa wakishukuriana kiholela tu, mtu na jirani yake, bila mwongozo, wakati mwingine kwa bakuli la supu. Bango la kitambaa likatundikwa juu ya barabara: SIKU YA KUWATAMBUA WANAOJITOLEA NA WAAMUZI WA MPIRA WA MITAANI. Chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, likaandikwa jina la Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Maeng Byong-do. Uchaguzi ulikuwa mwezi wa sita, jambo ambalo halikuhusiana kabisa.

Mwenye shughuli hiyo alikuwa Pyo Jae-sop, Mkuu wa Kitengo cha Michezo na Furaha ya Wakazi. Pyo alikuwa mtu makini. Hakuwahi kucheza mpira wala hakuupenda, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeweza kumtuhumu kwa upendeleo. Alichokitaka ni kiti cha Mkurugenzi, kilichokuwa wazi tangu aliyekikalia alipostaafu, na Mheshimiwa Maeng alikwisha kumwambia ndani ya lifti, "Pyo, shughuli hiyo ikienda vizuri, tutaongea." Pyo alishuka kwenye lifti hiyo akiwa ameshachagua rangi ya mapazia ya ofisi mpya.

Chanzo cha yote alikuwa Mama Tak. Siku sita za wiki Tak Mi-ran aliuza kimchi, kabichi iliyochachishwa kwa pilipili, sokoni, na siku ya saba alivaa kaptura nyeusi akapuliza filimbi katika ligi ya klabu za alfajiri, ile ya wanaume wenye vitambi wanaoamka kabla ya jogoo kwenda kuvunjana miguu, na saa tatu asubuhi wakawa wameshaanza pombe ya mchele. Waamuzi wenzake walikwisha kukimbia. Mmoja alifukuzwa mpaka kituo cha basi kwa ajili ya mpira wa kurusha. Akabaki yeye peke yake, na yeye wala hakuomba shukrani. Aliomba chumba.

"Mimi nabadilishia nguo kwenye kontena la chokaa," alimweleza Pyo ofisini. "Taa hakuna, dirisha hakuna, na mlango ukijifunga haufunguki kwa ndani, na hata kwa nje una ujanja wake. Lazima nimwombe mtu anisimamie nje. Jumapili iliyopita aliyenisimamia ni mchezaji niliyemtoa kwa kadi nyekundu. Akaniacha humo, akaenda kunywa supu."

"Mama, ombi lako limepokelewa," alisema Pyo. "Tutalichunguza kwa mtazamo chanya."

"Hata mwaka jana uliniambia hivyohivyo."

"Na tumeendelea kulichunguza."

"Sasa lini, baba?"

"Bajeti ikiruhusu. Uwe na subira."

Ombi likafika kwenye kamati, mwenyekiti akiwa Mheshimiwa mwenyewe. Kamati ikakaa, ikanywa kahawa, ikagundua kwamba mtu anayeomba chumba, ukimchimba sana, anachokitafuta hasa ni kuthaminiwa. Chumba kina gharama. Kuthaminiwa kunahitaji mahema, tuzo za kioo, maua ya kubandika kifuani na mpiga picha. Bajeti iliruhusu hayo yote siku hiyohiyo.

Kulikuwa na kikwazo kimoja tu. Mwaka uliotangulia, kwenye dhifa ya kuwashukuru wapishi wa kujitolea, picha iliyotoka gazetini ilimwonyesha Mheshimiwa akimkabidhi tuzo mama aliyeshika mwiko, mafuta yakimchuruzika mkononi. Ilionekana kana kwamba wanaoshukuriwa ndio wanaofanya kazi. Ili aibu hiyo isirudi, Pyo aliandika waraka, nao ulikuwa mzuri kuliko waraka wowote aliowahi kuandika: *Mtunukiwa hafanyi kazi. Katika siku ya kutunukiwa, mtunukiwa atakaa chini ya hema, atavaa ua, na hatagusa kitu. Majukumu yake yatatekelezwa na watumishi wa wilaya.* Mheshimiwa akatia sahihi. Tena akaongeza la kwake: siku hiyo yeye angekuwa Mwamuzi wa Heshima wa Siku Moja.

Hwamok ilikuwa imeizoea desturi hiyo. Mheshimiwa Maeng alikwisha kuwa Mkuu wa Stesheni wa Heshima wa Siku Moja, Mzimamoto wa Heshima wa Siku Moja na Mkulima wa Heshima wa Siku Moja, kila mara kwa muda wa picha mbili. Mpunga alioupanda ulipandwa upya jioni yake.

Jumapili ikafika, baridi ikiuma masikio. Watunukiwa, wale wazee na akina mama ambao kila wiki huchora mistari, hufunga nyavu na kupika supu, walikaa chini ya hema na maua vifuani, mikono mapajani. Mama Tak alikaa kiti cha mbele. Watumishi wa wilaya wakafanya kazi zao kwa ari kubwa. Kitengo cha Barabara kilichora mstari wa katikati uliokatika-katika, maana ndiyo mistari waliyoizoea, na boksi la penalti wakaliwekea njia ya waenda kwa miguu. Kitengo cha Usafi kilipika supu. Mzee mmoja aliionja, akalitazama bakuli, akalirudisha mezani taratibu karibu na kichwa cha nguruwe kilichochemshwa, ambacho kiliwekwa hapo kama ilivyo ada, kikitabasamu, kuuombea msimu usio na majeruhi.

Kisha wakatambulishwa wageni waalikwa. Pyo alikuwa amehangaika na mpangilio wao kwa mwezi mzima, nani atangulie nani, na kila mmoja alisimama, akainama, akapigiwa makofi, akasema maneno mawili yaliyozaa mengine. Timu mbili zilisimama uwanjani kwa kaptura wakati wote huo. Magoti ya wachezaji yalikuwa yamegeuka rangi.

"Jamani, tutambulisheni na sisi kabla hatujafa," alisema Bong Chun-ho, muuza samaki, nahodha wa klabu ya Soko.

"Wewe nyamaza, bado Katibu wa Chama cha Mabwawa," alimjibu Ju, dalali wa nyumba, nahodha wa klabu ya Maghorofani.

Tuzo zikatolewa. Mama Tak akapewa kioo chenye jina lake dogo na jina la Mheshimiwa kubwa, wakapigwa picha wameshikana mikono.

"Mheshimiwa, nashukuru," alisema. "Na kile chumba?"

"Mama, leo ni siku ya furaha," alisema Maeng huku akimtazama mpiga picha.

Kisha akaenda kubadilisha nguo. Hapo palitokea ucheleweshaji mdogo, kwa kuwa aliuliza abadilishie wapi, na Pyo akagundua kwamba mahali hapo hapamo katika mpango kazi. Mheshimiwa alibadilishia kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, madirisha yamezibwa kwa magazeti. Alitoka na kaptura nyeusi iliyopigwa pasi, akaenda katikati, akapuliza filimbi. Mpira ukaanza. Picha mbili zikapigwa. Mheshimiwa akapunga mkono, akaanza kuelekea garini.

"We refa," aliita Bong. "Unakwenda wapi?"

Maeng akamtazama Pyo, Pyo akautazama mpango kazi. Baada ya "Mheshimiwa anapuliza filimbi" kilifuata "Chakula cha mchana cha wageni". Katikati hapakuwa na kitu. Pyo hakuwahi kuambiwa kwamba hapo katikati ndipo panapokaa mpira.

"Mama Tak ataendelea," alisema Pyo.

"Mimi?" Mama Tak aligusa ua lake. "Mimi mtunukiwa, baba. Mtunukiwa hagusi kitu. Waraka nimeusoma mara mbili, umeandikwa vizuri kweli."

Soko zima la Hwamok lilikuwa upande mmoja wa uwanja, maghorofa yote upande wa pili, na wote walikuwa na kadi za kupigia kura. Mheshimiwa Maeng akarudi katikati huku akitabasamu. Kwa dakika kadhaa alikimbia pasipokuwa na mpira, na mambo yakaenda vizuri sana.

Halafu Bong akaanguka kwenye boksi, juu ya njia ya waenda kwa miguu.

"Penalti!" likaja kutoka sokoni.

"Kajiangusha! Huyo hata kwenye mizani hujiangusha!" likaja kutoka maghorofani.

Wachezaji wote wakamzunguka Mheshimiwa. Katika maisha yake ya utumishi Maeng hakuwahi kumwambia mtu ndiyo, wala hakuwahi kumwambia mtu hapana, na ndivyo alivyopanda hadi alipofika. Akainua mkono.

"Ndugu wakazi, nimezisikia pande zote mbili kwa moyo mzito. Suala hili tutalichunguza kwa mtazamo chanya."

"Unachunguza nini, mzee?" alisema Bong, bado yuko chini. "Mguu huu hapa."

"Macho kayasahau kwenye gari," alisema Ju.

"Refa, rudi ukakate utepe!"

Maeng akasogea ukingoni kumuuliza Pyo. Pyo alifikiri kwa haraka, kama mkurugenzi. "Maendeleo yenye uwiano, Mheshimiwa," alinong'ona. "Penalti moja kila upande."

Ikaamuliwa hivyo. Soko wakafunga. Maghorofani wakapiga juu, mpira ukaangukia kwenye sufuria la supu, na hakuna aliyeisikitikia supu. Lakini sasa uwiano ulikuwa umeharibika, na maghorofa yakaanza kunguruma kuhusu mwezi wa sita. Maeng akawapa Maghorofani penalti nyingine. Wakafunga. Soko likanguruma zaidi, naye akawapa Soko moja ya fidia. Mlinda mlango wa Maghorofani akavua glovu zake, akazitupa chini, akasema hajawahi kuona upuuzi wa namna hii hata kwenye kikao cha wapangaji. Bong akasema kwa mara ya kwanza tangu azaliwe anakubaliana na mtu wa ghorofani. Ju akamshika bega. Pande mbili ambazo hazikusalimiana kwa miaka zikageuka pamoja, zikaanza kumfuata refa.

Ndivyo Mheshimiwa Maeng alivyotimiza ahadi yake ya kampeni iliyopita, ile ya umoja wa wakazi.

Alikimbia vizuri kwa umri wake. Gari lake lilikuwa limezibwa na malori ya samaki, kwa hiyo akaingia kwenye mlango wa kwanza uliokuwa wazi, akaubamiza. Ulikuwa mlango wa kontena la chokaa.

Watu hawakuwa na nia ya kumpiga. Walitaka tu kumweleza. Walimweleza kwa viganja vya mikono kwenye bati, kila mmoja alichokiona, pamoja na maoni kuhusu mama mkwe wa Mheshimiwa na barabara ya bondeni isiyotengenezwa. Walipochoka, ikasikika sauti kutoka ndani.

"Pyo! Fungua!"

Pyo akavuta. Akasukuma. Akaamuru Kitengo cha Barabara kivute. Mlango haukutikisika. Akarudi mbio kwenye hema, jasho likimtoka kwenye baridi ile, akiona kile kiti cha Mkurugenzi kikiondoka na mapazia yake.

"Mama Tak, mlango ule wewe unaujua."

"Naujua sana."

"Basi njoo, mama yangu. Nakuomba."

"Waraka je?"

"Waraka naufuta."

"Utaufuta wewe? Sahihi si ya mwenyekiti wa kamati?"

Pyo aliangalia kontena. Mwenyekiti wa kamati alikuwa humo ndani, akikohoa chokaa. Mwanya wa kupitishia karatasi haukuwapo.

Mama Tak akainuka hata hivyo, akatembea polepole mpaka kwenye kontena, ua lake kifuani, mikono nyuma. Uwanja mzima ukamfuata.

"Pyo!" Sauti ilikuwa imebadilika. "Humu hamna taa! Hamna hata ndoana ya kutundikia shati! Nani anabadilishia nguo mahali kama hapa?"

"Mimi, Mheshimiwa," alisema Mama Tak. "Kila Jumapili."

Bong akakitazama kile kichwa cha nguruwe mezani. "Mkuki kwa nguruwe," alisema kwa sauti ya chini, na waliokuwa karibu wakaumalizia wenyewe.

"Lijengwe lingine!" ilipiga kelele sauti ya Mheshimiwa. "Chumba! Chenye taa, chenye dirisha, chenye mlango unaofunguka! Naomba chumba, Pyo, unanisikia? Naomba!"

Sasa, Pyo alikuwa mtumishi wa umma tangu ujanani, na kuna maneno ambayo mtumishi wa umma hayafikirii, humtoka yenyewe kama kupiga chafya. Akasikia ombi. Akakaza miguu, akauinamia mlango.

"Ombi lako limepokelewa," alisema. "Tutalichunguza kwa mtazamo chanya."

Alitambua alichokisema kabla hajamaliza kunyooka. Hakuna aliyecheka bado. Watu wote walikuwa wakisubiri kwa adabu, kama wanaosikiliza hotuba.

"Lini?" iliuliza sauti kutoka gizani, ndogo sasa. "Lini, Pyo?"

Pyo akaupekua mpango kazi, ukurasa kwa ukurasa. Mama Tak akamhurumia, akajibu kwa niaba ya ofisi, maana majibu yake alikuwa ameyahifadhi kwa moyo.

"Bajeti ikiruhusu, Mheshimiwa," alisema. "Uwe na subira."

Akalirekebisha ua lake, akarudi chini ya hema, akakaa.