Maiki Inayosikia Mpaka Nje

Jumatatu, 3 Mei 2021
Jumamosi ni kikao cha mahari yangu. Kwa mtandao! Babake mchumba wangu Christabel, Mzee Isaiah, alikuwa jirani yetu hapa Kapseret, kando ya Eldoret, hadi nyumba yake ilipochomwa baada ya uchaguzi wa 2007. Akarudi kwao Butere, akaapa Eldoret hatakanyaga tena. Christabel ameniambia wazi: bila baraka za babake hakuna harusi. Kwa hivyo nahitaji maiki. Ijumaa pia nina mechi ya gemu, lakini hilo halimhusu mtu.

Jumanne, 4 Mei
Nimezunguka maduka ya mjini na binamu yangu Kipkoech, anayejifanya mtaalamu kwa sababu hunishinda kwenye gemu. Akashauri maiki isiyosikia mbali. Unaisogeza mdomoni, makelele ya nyumba hayaingii. Nikauliza bei. Sawa na ile inayosikia chumba kizima! Sasa nani mwenye akili atoe pesa ile ile anunue maiki nusu kiziwi? Wivu tu. Nimechukua inayosikia.

Ijumaa, 7 Mei
Tumepigwa. Wenzangu wamelalamika kwamba walisikia ng'ombe, ndege ikitua, na Mama akiniita nipeleke maziwa. Nimewaeleza kwamba hiyo ndiyo sifa ya kifaa. Kipkoech amecheka hadi akakohoa, kisha akaniomba kesho nikumbuke kuzima maiki tusipoongea. Maagizo, maagizo.

Jumamosi, 8 Mei
Aibu! Ilianza vizuri. Sauti yangu nzito, ya mtangazaji kabisa. Christabel akatabasamu. Babake hakutabasamu, alitaja ng'ombe saba. Wazee wetu wakatoka nje kushauriana, kama ilivyo desturi. Nikazima kamera kwa heshima. Maiki nikaiacha. Dirisha lilikuwa wazi, na wazee walikuwa wamesimama chini yake.

Walinong'ona kwa Kinandi. Mzee Isaiah aliishi hapa miaka mingi, Kinandi anakijua kuliko mimi. Mjomba Kipyego alitaka tuseme tuna watatu tu, na mmoja ni mgonjwa. Baba akamkatiza. Akasema hana uso wa kubishana na yule mtu. Siku ile ya moto yeye alifunga lango lake, na tangu hapo hajapata jirani mwingine. Apewe hata kumi. Mjomba akasema haya, lakini tuanze na wanne.

Wakarudi, Mjomba akataja wanne. Nikadhani mtandao umekatika. Kumbe Mzee Isaiah alikuwa anafuta macho. Akamjibu Baba kwa Kinandi kwamba amesikia yote, hata huyo ng'ombe mgonjwa. Mambo haya hayamalizwi kwenye kompyuta, akasema. Wiki ijayo atakuja mwenyewe, na atalala kwetu. Baba akaenda zizini, akakaa huko hadi jioni. Niliumia kumwona hivyo.

Jumapili, 9 Mei
Kila mtu ana furaha. Mama anafua mapazia. Baba amenyoa ndevu, na ametengeneza bawaba za lango. Mimi nimempigia Christabel nikimsihi amshawishi babake abaki Butere, safari ni ndefu na magoti yake si mazuri. Amenikatia simu mara mbili. Hajui kwamba jana jioni nilirudi mjini nikanunua maiki ya pili, ya kuning'iniza nje, pale wazee wanaposhauriana. Mzee akija mwenyewe, itakuwa ya kazi gani? Jana Baba alisikika kwa mbali sana.